Swali Lililosainiwa na Pomeroy

Dwight Pomeroy, mkuu wa kitengo cha kompyuta, alikuwa na tabia ya kusaini fomu huku anakula. Kila Alhamisi asubuhi, kwenye mkutano wa kupitisha mabadiliko ya programu, mafundi wa kompyuta kuu ya kampuni yao ya bima pale Des Moines, Iowa, walimpangia fomu mezani. Naye, donati mkono mmoja na kalamu mkono wa pili, alizimaliza kabla kahawa haijapoa. Hakuna mstari wa programu uliobadilishwa kwenye mashine ile bila sahihi yake, wala hakuna fomu aliyoisoma mpaka mwisho.

Darlene Vandersloot, mmoja wa mafundi hao, alilijua hilo. Alhamisi hiyo ya Oktoba alikaa akisubiri zamu ya fomu namba themanini na nane.

Kisa kilianza Juni ya mwaka uliotangulia, mvua ya mawe ilipolaza mahindi ya nusu ya jimbo. Faili la madai ya wakulima likatoweka kwenye diski. Makarani waliliandika upya kutoka kwenye makaratasi kwa wiki sita, wakulima wakilaani, na wakubwa wa ghorofa ya juu wakataka mtu wa kulaumiwa. Pomeroy akawapa Clarence Haglund, aliyekuwa zamu siku ile. Clarence, miaka thelathini na moja kazini, aliyemfundisha Darlene kila alichokijua, alisindikizwa na askari mpaka mlangoni, boksi la vitu vyake kifuani. Tangu hapo hakuonekana tena kwenye mchezo wao wa Jumanne wa kuangusha pini kwa tufe. Akipigiwa simu husema ameshikwa na bustani. Bustani gani, Januari, katika theluji ya Iowa?

Kisha kampuni ikanunua mfumo wa kurudisha mafaili. Ukiita faili ambalo halipo kwenye diski, mfumo unalitafuta kwenye tepu za akiba, kisha unakuuliza: LIRUDISHWE? NDIYO AU HAPANA. Darlene alipewa kazi ya kuupa ujumbe huo maneno yanayofaa kampuni yao. Akiwa anapekua orodha ya tepu za zamani, akalikuta faili la mvua ya mawe, zima, na pembeni yake jina la aliyeamuru lihamishwe na kufutwa kwenye diski. Halikuwa la Clarence.

Angeweza kuichapa orodha ile na kuipeleka juu. Lakini huko wangejifungia chumbani, Pomeroy angesema orodha ina kasoro, na mambo yangeishia hapo hapo. Darlene hakutaka haki ya chumbani. Alitaka aumbuke mbele ya watu.

Akajaza fomu namba themanini na nane: kuongeza kwenye swali jina la aliyeamuru faili lifutwe, tarehe na saa. Alhamisi ile Pomeroy akaisaini, sukari ya donati ikabaki kwenye karatasi.

"Bosi," Darlene akasema, "lile faili la mvua ya mawe limepatikana kwenye tepu."

Pomeroy aliacha kutafuna kidogo, kisha akacheka. "Lile alilolipoteza babu yenu? Safi sana! Jumatatu nawaonyesha wakubwa mfumo. Nitaliita hilo hilo, waone uzembe wa mzee mmoja unavyotibiwa."

"Wazo zuri, bosi."

"Siyo zuri tu, Darlene. Ni langu."

Jumatatu wakubwa kumi na mmoja waliketi mbele ya ukuta mweupe ulioangaziwa skrini ya Pomeroy. Yeye alisimama, tai mpya shingoni. Darlene alikuwa nyuma, karibu na birika la kahawa.

"Mnamkumbuka Haglund," Pomeroy akaanza. "Sasa tazameni." Akaandika jina la faili, akabonyeza, akawageukia wasikilizaji wake akitabasamu. Ukuta ukamjibu mgongoni:

FAILI LIKO KWENYE TEPU. LILIFUTWA KWENYE DISKI KWA AMRI YA D. POMEROY, JUNI 11, SAA 9:42 ALASIRI. LIRUDISHWE? NDIYO AU HAPANA.

Bibi Ostrander, mkuu wa ukaguzi, akavaa miwani.

"Hebu sogea, Dwight. Unatuziba."

Pomeroy akageuka, akasoma, shingo ikawa nyekundu. "Nani kabadilisha hii? Darlene! Nani kakuruhusu?"

"Wewe, bosi," akasema Darlene, akipita katikati ya viti na fomu mkononi. "Namba themanini na nane. Sahihi hii hapa, na sukari yako."

Mtu alicheka, akajikohoza.

"Nilitaka nafasi kwenye diski," Pomeroy akasema. "Nilidhani ni faili la mwaka wa nyuma. Kosa dogo tu…"

"Jibu swali, Dwight," Bibi Ostrander akamkata. "Ndiyo au hapana?"

Ilibidi aandike NDIYO herufi moja moja, watu wote wakiangalia. Darlene aliona raha, raha tele, wala hakuona haya.

Mchana ule ule Bibi Ostrander alimwagiza Darlene ampigie Clarence, amwambie kampuni inataka kumwomba radhi. Simu iliita mara tisa.

"Niko bustanini," Clarence akasema.

Darlene akamweleza yote.

"Ndiyo hivyo, mzee wangu. Wanauliza utakuja lini."

"Hao wasubiri," Clarence akasema. "Pomeroy alipogeuka kusoma, alikuwa amekaa au amesimama?"

"Amesimama. Mbele ya wote."

Darlene alisikia kiti kikivutwa upande wa pili.

"Basi anza tena mwanzo, binti. Taratibu."