Mianzi Mia Moja ya Mzee Eliezeri

Mwaka 1956 mkaguzi alisema wazi: shule yetu ya karibu na Nyololo isipopata maji kufikia Desemba, darasa la tano halifunguliwi. Binti yangu Juliana alikuwa anamaliza la nne. Bila darasa hilo angebaki nyumbani kupalilia. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, kwa hiyo sikukaa kulia.

Chemchemi ilikuwa juu yetu mlimani. Njia ya kutoka huko ilizunguka kichaka: hatua mia nne mashariki, kisha mia tatu kaskazini hadi shuleni. Wazee walijumlisha wakapata mia saba. Mwanzi mmoja wa kupitishia maji ni hatua tano, basi mianzi mia moja na arobaini. Mzee Eliezeri, baba mkwe wangu na mwenye shamba la mianzi, akagoma. Mianzi ndiyo ulanzi, pombe yetu, na bila ulanzi hakuna harusi wala kazi ya ujirani. Angetoa mia moja tu.

"Mia moja inatosha, baba, tukikatisha kichakani," nikasema.

Philbert seremala akauliza kama chaki yangu inafyeka vichaka.

"Chaki inaonyesha. Wewe ndiye utafyeka."

Nikazidisha mia nne kwa yenyewe, na mia tatu kwa yenyewe, nikajumlisha, nikatafuta kipeuo cha pili: mia tano. Huo ndio urefu wa kukatisha. Kwa upande wa kuelekea, nikagawanya mia tatu kwa mia nne, nikasoma pembe kwenye jedwali: nyuzi thelathini na saba kutoka mashariki kuelekea kaskazini. Tukachomeka fito kichakani, kila moja ikificha ya mbele yake, na Philbert akafyeka huku akinung'unika.

Siku ya nne alitokeza ng'ambo, akakuta mlango wa darasa uko mbele ya pua yake. Alicheka hadi akaketi chini.

Tukalaza mianzi. Wa mia moja ukaishia hatua kumi na tatu kabla ya ukuta. Nilisahau kwamba kila mwanzi huingia kiganja kimoja ndani ya mwenzake. Nikasema mbele ya watu wote kwamba kosa ni langu.

Mzee Eliezeri akaangalia mstari ule mnyoofu, akaangalia maji yanavyomwagika kuelekea mlangoni.

"Mkwe wangu, kwa hatua kumi na tatu siwezi kubeba aibu ya uchoyo," akasema, akaenda kukata mitatu mwenyewe.

Januari Juliana aliketi benchi la mbele la darasa la tano, sketi imelowa maji, na sikumgombeza.