Salamu Zilizotupwa

Jumapili ndiyo siku ya kwanza ya kazi hapa Amman, na kwangu ndiyo siku nzito kuliko zote. Ijumaa na Jumamosi ofisi hufungwa, lakini watu hawaachi kuandika. Nikiwasha kompyuta nakuta barua pepe mia mbili na kitu, na zaidi ya nusu ni salamu: mawaridi mekundu, njiwa weupe, vikombe vya kahawa inayofuka moshi, na juu yake maandishi ya dhahabu, Ijumaa Mubarak. Wauza betri wanatutumia. Fundi wa lifti anatutumia. Kuna mama mmoja ambaye mwanawe tulimhudumia miaka mitatu iliyopita, na hajaruka Ijumaa hata moja.

Kituo chetu kinawapa watoto mashine za kusikia. Daktari anakuja kutoka nje mara mbili kwa mwaka, mwezi wa kumi na mwezi wa nne, na sanduku lenye mashine kumi na mbili. Wanaozihitaji ni wengi zaidi, kwa hiyo kila familia iliyochaguliwa lazima ithibitishe kwa maandishi kwamba itakuja. Isipojibu, nafasi inakwenda kwa mtoto mwingine. Kazi ya kusoma majibu ni yangu, kwa sababu mimi si mtu wa simu. Nikipigiwa, sauti inanikauka.

"Rudaina, leo umeletewa mawaridi mangapi?" Lamis, ninayefanya naye kazi chumba kimoja, huniuliza kila Jumapili.

"Mia moja na kumi na nne."

"Na bado hujaolewa? Mimi nililetewa moja tu, nikaingia mtegoni."

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, macho yakiniuma, niliiagiza kompyuta kwamba kila barua yenye maneno Ijumaa Mubarak iitupe kwenye kapu la taka bila kunionyesha. Kapu lenyewe hufuta chochote kinachotimiza siku thelathini. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika tano. Jumapili iliyofuata nilikuta barua sitini na nane tu. Nilikunywa chai yangu ikiwa bado ya moto, nikajiona kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

Orodha ya mwezi wa kumi ilifungwa Alhamisi, daktari akitarajiwa Jumanne. Familia kumi na moja zilikuwa zimejibu. Ya kumi na mbili, ya mtoto anayeitwa Wijdan, wa mji wa Tafila, ilikuwa kimya. Nilisubiri hadi saa nane mchana. Kisha nikalikata jina la Wijdan, nikaandika la mtoto aliyefuata, wa mji wa Zarqa, na Lamis akampigia mama wa mtoto huyo. Vigelegele vya yule mama nilivisikia kutoka mezani kwangu.

Jumapili asubuhi simu ililia Lamis akiwa ametoka. Ikanibidi niipokee.

"Assalamu alaykum, binti yangu. Mimi Abu Nayif, babu yake Wijdan, wa Tafila. Hamjambo? Wazazi hawajambo? Baridi imeshaanza huko kwenu?" Alipomaliza salamu zote ndipo akasema, "Nataka tu kujua Jumanne tufike saa ngapi, nikate tiketi za basi."

"Ami, mbona hamkutujibu?"

"Hatukujibu? Nimeandika mara tatu, mwanangu. Kila Ijumaa nikitoka kuswali, kwa kompyuta ya mkwe wangu."

Nilijua kabla sijafungua kapu. Zilikuwamo zote tatu, katikati ya mawaridi. Ya kwanza ilisema: "Ijumaa Mubarak kwenu nyote, na kwa wazee wenu walio hai, na Mungu awarehemu waliotangulia. Baada ya salamu, tutakuja, inshallah. Wijdan tumemnunulia viatu vya safari." Na ya mwisho, chini ya salamu zile zile: "Sijaona jibu, najua mna kazi nyingi. Mwalimu anasema akipata mashine sasa, muhula wa pili atamweka na watoto wenzake. Akikosa, atarudia mwaka."

Nilimwambia mzee kwamba nitampigia. Nikapanda kwa Bi Inaam, mkuu wetu, nikamweleza nikiwa nimesimama mlangoni.

Alivua miwani. "Yaani na zangu zilitupwa? Mimi pia nakutumia kila Ijumaa."

"Na zako."

"Nami nikasema huyu msichana ananinunia." Alijisugua macho, hakucheka. "Haya. Unataka nini?"

"Tumwombe daktari amchukue wa kumi na tatu."

"Mashine ni kumi na mbili, Rudaina. Sanduku halizai. Au nimnyang'anye yule wa Zarqa?"

Nilitikisa kichwa.

"Basi mwandike Wijdan awe wa kwanza mwezi wa nne. Na babu yake umpigie wewe mwenyewe, si Lamis."

Nilimpigia. Nilimwambia kila kitu, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kusema.

"Ni kosa langu, ami. Niliiambia kompyuta itupe salamu."

"Salamu?"

"Za Ijumaa. Zilikuwa nyingi, zilinishinda."

Nyuma yake nilisikia sahani zikipangwa, na mtu akiita "Wijdan!" kwa sauti kubwa, mara tatu, kama anavyoitwa mtoto asiyesikia.

"Basi na mimi nilizirefusha," alisema mwishowe. "Mke wangu aliniambia, andika shida yako, umalize. Lakini mimi nimefanya kazi posta miaka thelathini. Barua isiyo na salamu tulijua imetoka kwa wakili." Akacheka kidogo, kunisaidia. "Mwezi wa nne si mbali, binti yangu. Usilie."

Sikujua kwamba alikuwa ananisikia.

Siku hiyo hiyo niliifuta amri ile. Jumapili iliyofuata nilikuta barua mia mbili na thelathini na moja. Nilizifungua moja moja, waridi kwa waridi, hadi nikaifikia yake. Ilikuwa na mistari miwili:

"Kwa kituo. Tumepata taarifa, tutakuja mwezi wa nne.
Abu Nayif, Tafila."

Niliisoma tena, nikatafuta juu ya mstari wa kwanza, kama vile kilichokosekana kingekuwa kimejificha pale. Lamis aliniuliza nimeletewa mawaridi mangapi, nami nikabonyeza kuijibu barua ile.

Nilianza kumwandikia. Ijumaa ilikuwa imeshapita, lakini nilianza na Ijumaa Mubarak. Nikamuulizia yeye, mkewe na mkwe wake mwenye kompyuta. Nikawaombea rehema waliotangulia. Nikauliza kama viatu vya Wijdan vitamtosha hadi mwezi wa nne. Ndipo nikaandika tarehe na saa ya kufika, na kwamba jina la mjukuu wake liko juu kabisa ya orodha.

Nilipomaliza, chai ilikuwa imepoa, na barua mia moja na tisini zilikuwa bado zinaningoja.