Ndege Ndogo, Mshahara Mdogo

Kapteni ndiye aliyeisifu ile ndege, na jambo hilo halijamtoka rohoni mpaka leo.

Alikuwa rubani wa kampuni ya saruji tangu enzi ambazo mwenye kampuni, aliyeitwa na kila mtu Mwenyekiti, alikuwa bado na nywele. Waliruka na jeti kubwa yenye viti vya ngozi, choo chenye mlango wa mbao, na marubani wawili mbele. Kiti cha kushoto kilikuwa cha Kapteni. Cha kulia kilikuwa cha mkwe wake, mume wa bintiye wa pekee, kijana mtaratibu ambaye Kapteni mwenyewe alimwombea kazi. Angani walizungumza kama marubani. Wakishatua, kijana alirudia kumwita "baba" na kumbebea begi.

Siku moja Mwenyekiti alimtuma akaijaribu jeti mpya, ndogo, ya bei nafuu, iliyoundwa ili rubani mmoja aweze kuirusha peke yake. Kapteni alikwenda amekunja uso. Alirudi amechangamka kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli.

"Inatii, Mwenyekiti. Ukiigusa tu imeshaelewa. Na mafuta inakunywa kama chiriku, kwa ncha ya mdomo."

"Na kweli mtu mmoja anaitosha?"

"Mmoja anaitosha. Ila awe mzoefu."

Mwenyekiti aliyachukua maneno mawili ya kwanza akaenda nayo. Hayo ya mwisho aliyaacha palepale mezani.

Jeti kubwa iliuzwa. Kapteni na mkwewe wakaitwa ofisini kwa mhasibu, mwanamke mpole aliyetoa habari mbaya kwa sauti ya kubembelezea watoto.

"Kapteni, ndege hii imenunuliwa kwa bei ndogo sana kuliko ile. Mwenyekiti anaona mshahara nao ulingane. Tunabaki na rubani mmoja, kwa nusu ya mshahara wako wa sasa."

"Nusu, mama? Zamani mmoja alishika usukani, mwenzake akaongea na mnara wa kuongozea ndege na kuangalia hali ya hewa. Sasa yote ya mtu mmoja, halafu mnampunguzia? Siku hizi rubani anapimwa kwa kilo, kama nyama?"

"Mimi natumwa tu, Kapteni. Ndege ndogo, mshahara mdogo, ndivyo alivyosema. Na vijana wenye leseni wamejaa huko nje. Wengine wako tayari kuruka bure, ilimradi wapate uzoefu."

Mkwe alikuwa ameketi pembeni, anatazama viatu vyake.

Jioni ile walikutana sebuleni kwa binti. Binti alikuwa mjamzito, amenyoosha miguu iliyovimba juu ya kiti. Kapteni alizungumza kwa hamaki.

"Tukikataa wote wawili, watarudi kutubembeleza. Ndege haijirushi yenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Sawa, baba," alisema mkwe.

"Sawa kweli, au sawa ya kunikalisha kimya?"

"Sawa kweli, baba."

Wakapeana mikono. Wiki iliyofuata Kapteni alikwenda kwenye banda la ndege kuchukua vifaa vyake. Jeti ndogo ilikuwa imetolewa nje, inang'aa. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, kwenye kiti cha kushoto, alikuwapo mkwe wake, anagusa swichi moja moja, midomo ikitikisika.

Waliangaliana kupitia kioo. Kijana akavua miwani.

"Baba, nyumba tuliyohamia bado tunailipia. Na mtoto yuko njiani. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ningeshindwa kuja."

Kapteni alichukua vifaa vyake akaondoka bila kuaga. Tangu siku ile, kila alipokwenda kwa bintiye alichagua saa ambazo mkwe hayupo. Mjukuu alipozaliwa, alimshika mkononi hospitalini huku jicho moja likichunga mlango.

Kazi alitafuta. La ajabu ni kwamba zilikuwepo, tena nyingi kuliko zamani. Kwa kuwa jeti zimekuwa rahisi, kila mwenye maduka matatu alitaka yake. Simu zilipigwa, na zote zilianza na maneno yaleyale: "Si ndege ndogo tu, mzee wangu?" Mmoja alitaka rubani ambaye pia ataiosha. Mwingine alitaka rubani ambaye, siku zisizo na safari, atawapeleka watoto shule kwa gari. Kapteni alikataa kazi ya kwanza kwa kicheko, ya pili kwa matusi. Nyingine nazo alizikataa, mpaka simu zikakoma. Kibarua kilikuwa kimeota nyasi, na akiba ikawa inakwisha kama sabuni ya kipande.

Mvua zilipoanza, mkwe alimrudisha Mwenyekiti nyumbani katikati ya dhoruba. Radi kushoto, radi kulia, redio inakoroma, na hakuna mtu pembeni wa kumshikia hata ramani. Alitua salama. Aliposhuka shati lilikuwa limemganda mwilini. Kesho yake alikwenda kwa mhasibu akaomba jambo moja: apewe msaidizi, angalau kwa safari za mvua.

Mwenyekiti alikasirika. Aliona anatishwa.

Basi mhasibu akampigia Kapteni. Sauti ilikuwa ileile ya kubembeleza. Kiti cha mkwewe kingekuwa chake kama anakitaka, ila mshahara ulikuwa umeshuka tena, chini ya ule aliokubali mkwewe.

Mke wa Kapteni alikuwa anachambua mchele, akasikia yote.

"Utamnyang'anya kazi mume wa mwanao?"

"Yeye aliponinyang'anya, aliniuliza?"

"Alikuwa na mtoto tumboni mwa mkewe."

"Na mimi nina wewe. Au wewe hauli?"

Mke aliinamia ungo wake, akaendelea kuchambua. Kapteni akakubali kazi.

Alikwenda kuwaambia mwenyewe, maana hakutaka wasikie kwa watu. Mkwe alimpokea mlangoni kwa adabu zote, akamkaribisha kiti, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu, "Hongera, baba."

Afadhali angemtukana.

Binti alisimama na mtoto begani. "Wala hawakuhangaika kuwagombanisha," alisema. "Mlijipanga foleni wenyewe."

Kapteni aliinuka. Akakuta kofia yake mkononi, akaivaa, akatoka.

Safari yake ya kwanza Mwenyekiti alipanda na rafiki yake, tajiri wa mabasi. Ndege ilikuwa ndogo kiasi kwamba kila neno la nyuma lilifika mbele.

"Yuko peke yake huyo?" aliuliza rafiki. "Unamlipa ngapi?"

Mwenyekiti akamtajia.

"Acha utani! Dereva wangu wa basi anamzidi."

Wakacheka mpaka viti vikatikisika. Kapteni aliwaomba wafunge mikanda, kwa ile sauti nzuri ya marubani. Mnara ukaita, akajibu. Akaangalia mafuta, akaangalia upepo, akateremsha magurudumu. Alitua kwa upole hata abiria hawakutambua kwamba wameshagusa ardhi.

"Huyu fundi," alisema tajiri wa mabasi akifungua mkanda. "Nanunua na mimi. Utanipatia mwingine wa bei hii?"

"Bei hii? Utapata hata chini yake," alisema Mwenyekiti. "Muulize mwenyewe. Ana mkwe hana kazi."

Tajiri akachungulia mbele, simu mkononi, anasubiri. Kapteni alizima injini. Alitazama mbele kwenye lami iliyolowa. Kisha akamtajia namba ya mkwewe, polepole, asije akakosea.