Ukuta wa Josepha

Mwaka ule wa sabini na nne, walipoambiwa kila mtu ahamie kijiji kipya kando ya reli pale Kigwa, Tekla hakuililia nyumba. Nyumba ni nini? Udongo na nyasi. Kilichomliza ni kaburi la bintiye Josepha, nyuma ya nyumba, kwenye ardhi ambayo msimu ujao ingelimwa yote kuwa shamba la ujamaa la tumbaku. Trekta haliulizi hapa kalala nani.

Akamwendea Masolwa, balozi wao wa nyumba kumi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Josepha. Najua kilichokuleta." Mzee hakumtazama usoni. "Palipojengewa ukuta hawatalima. Lakini tuta la udongo tu, siahidi kitu. Na lori linakuja Jumamosi."

Tekla akarudi mbio kwa mumewe. Kasimiri alikuwa fundi mwashi, tena si fundi wa kubabaisha. Hata Rasiklal, mwenye duka la vitambaa Tabora mjini, alimwita yeye kuzungushia ukuta bustani ya mkewe. Lakini tangu wamzike mtoto, miezi kumi na moja, Kasimiri hakuwa amekanyaga kaburini. Hata kisimani alikwenda kwa kuzunguka, asilione.

"Matofali tuliyochoma ni ya nyumba ya kule tunakohamia," alisema. "Tukiyamaliza hapa tutalala wapi?"

"Kwenye kibanda cha nyasi, kama wenzetu."

"Tekla, usinichokoze."

"Nakuchokoza, ndiyo! Watu baki umewajengea bustani za maua, mwanao unamwachia trekta?"

Maneno makali hayo, na mwenyewe alijua. Kasimiri akaondoka zake. Basi Tekla akaanza peke yake. Alibeba matofali kichwani, akakanda udongo, akachomeka vipande vya minyaa viwe ua kuzunguka kaburi, uso kaugeuzia pembeni, maana utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa.

Alhamisi asubuhi Kasimiri akatokea na mwiko wake. Akautazama ule ukuta uliokwenda upogo.

"Hiki nini? Choo?"

Akaubomoa kwa mguu, akaanza upya. Alijenga akiwa ndani, akijizungushia matofali kama ajengavyo kisima. Tekla alimfuata kwa nje, akikandika udongo mwekundu, kisha mweupe, akichora kwa vidole mapambo yale yale ambayo wanawake huchora kwenye nyumba baada ya mavuno. Siku mbili nzima kila mmoja alikazana na upande wake. Jumamosi ukuta ukafika kifuani.

Lori likapiga honi. Tekla akauzunguka ukuta mara ya kwanza, akauzunguka tena.

"Kasimiri, mlango uko wapi?"

Akachungulia. Mumewe alikuwa amekaa chini kando ya kaburi.

"Nimesahau," alisema.

Jamani! Fundi wa miaka ishirini kasahau mlango!

"Basi ruka utoke, watu wanatungoja."

"Siwezi."

"Ukuta wenyewe wa kifuani, unashindwaje?"

"Nikitoka sitaingia tena, Tekla. Najijua. Miezi yote hii nimemkimbia mwanangu, leo ndiyo nimefika. Nenda wewe."

Akaanza kulia, kilio cha mtu asiyezoea. Msibani hakulia. Tekla alikuwa amemchukia kwa hilo kimoyomoyo, na sasa aibu ikamshika, na huruma, na hasira pia, maana honi ilizidi kulia na Masolwa alikuwa akiwaita kwa majina.

Akachukua sururu. Akapiga pale pale penye mapambo yake mabichi. Akapiga tena. Udongo haukuwa umekauka, matofali yakaporomoka, likabaki pengo la kupita mtu mmoja. Akaingia, akachutama mbele ya mumewe.

"Mlango huu hapa. Jumapili ijayo, misa ikiisha, tunakuja kwa miguu, mimi na wewe."

Kasimiri akajifuta uso kwa mkono wenye udongo. Akalitazama lile pengo muda mrefu, juu mpaka chini.

"Umebomoa vibaya," alisema. "Nitakuja kuutengeneza."