Tumbaku Juu ya Sola

Jina la baba mkwe wangu sitalitaja. Si kwamba nimelisahau, nalijua vizuri tu, ila kwetu Wandali, hasa ukoo huu, mke wa mtoto halitamki, hamtazami usoni na wala hakatizi mbele yake. Akija kwa njia hii, mimi nazungukia kule kwenye migomba. Majirani zetu Wanyiha hapa Isansa wanatucheka mpaka basi. "Karne hii, Atupele? Unamkimbia mzee wa watu hivyo, amekufanya nini?" Nawaacha wacheke. Mkwe wangu hajawahi kunigombeza hata siku moja, kwani atanigombezaje na hatuongei? Nyie mnaoongea na wakwe zenu mna amani gani?

Nayasema haya mapema kwa sababu bila hayo hamtaelewa pikapu yetu ilivyonusurika kuuzwa.

Pikapu yenyewe ni ya zamani, ya dizeli, rangi yake ilikuwa bluu. Mume wangu Hezron anaipenda kwa namna yake, yaani anaiosha. Jamani, kuiosha anaiosha! Anasugua matairi, anapaka mafuta dashibodi, anarudi nyuma kuitazama, anatabasamu. Lakini mwulize mara ya mwisho alifungua boneti lini, ataanza kukohoa. Anayefungua boneti ni mimi. Asubuhi kabla injini haijapata moto natazama maji ya rejeta, navuta stiki ya oili, naifuta, naichomeka tena, naisoma. Vichwa vya betri vikiota ule unga mweupe navimwagia maji ya moto yenye magadi, halafu navisugua na mswaki wa Hezron. Wa zamani. Mara nyingi ni wa zamani.

Nafanya hivyo kwa sababu pikapu ndiyo inayonipeleka sokoni Tunduma na parachichi zangu na maharage yangu. Kabla hatujaipata, walanguzi walikuwa wanakuja mpaka shambani, wanapanga bei wao, wanashindilia gunia lumbesa mpaka linafanana na mama mjamzito, na mimi nashukuru. Nashukuru nini sasa? Nilipoanza kwenda mwenyewe ndipo nikajua nilikuwa naibiwa mchana kweupe huku nawapikia na chai. Kwa hiyo mtu akiniambia pikapu iuzwe, anazungumzia mimi kurudi kuwapikia wezi chai.

Na Hezron ndicho alichosema.

Kisa ni sola. Tuliifunga kwa ajili ya taa na televisheni, na paneli ikawekwa juu ya bati la kijumba cha mkwe, nyuma ya jiko, kwa kuwa kule hakuna mti wa kuikinga jua. Masika yote ilifanya kazi. Kiangazi kilipoingia, jua likawa kali la kupasua midomo, sola ikagoma. Ikifika jioni taa zinafifia na televisheni inazima mtangazaji akiwa katikati ya sentensi. Sasa Hezron na mpira mnamjua? Hamumjui. Akawa kila jioni anachomoa betri ya gari, anaiingiza sebuleni, anaunganisha televisheni, anaangalia mpaka betri inakata roho. Asubuhi anairudisha kwenye gari. Ukiwasha, gari linasema "nyeee", linanyamaza.

Basi tukawa watu wa kusukumwa. Jirani yetu Tulinagwe, mwanakwaya mwenye mabega, akawa ndiye kiongozi wa wasukumaji. Hata kumwita tuliacha, akisikia mlango wa gari unafungwa tu anatoka kwake anajifunga khanga kiunoni, na kwaya nzima ya akina mama nyuma yake. Walikuwa wanasukuma kwa nyimbo.

Nilimwambia mume wangu, "Baba Luka, betri ya gari si ya televisheni. Tukatazame hiyo paneli ina nini."

"Sola imekufa," akasema. "Nikatazame nini, maiti?"

"Sola inakufaje kiangazi?"

"Mama Luka, hivi vitu ni vya kichina."

Hilo ndilo jibu lake la kila kitu, hata kwa kitu kilichotengenezwa Mbeya.

Jumapili moja gari likagoma mbele ya kanisa, watu wote wametoka ibadani. Kwaya ikasukuma. Likawaka kwa kishindo, likatoa wingu la moshi mweusi, na mchungaji alikuwa amesimama nyuma kabisa na joho lake jeupe, anatupungia mkono. Mkono ukabaki hewani. Sitaki kusema zaidi, mchungaji ni mtu mwema na joho limefuliwa. Lakini jioni hiyo Hezron akaja jikoni kuniambia amempigia simu Ashraf.

Ashraf ni mfanyabiashara wa vitunguu wa Tunduma, kwa siku nyingi alikuwa anaimezea mate ile pikapu. "Anakuja Jumamosi kuichukua," Hezron akasema. "Nimechoka kuaibika."

Nililia. Naona aibu gani? Nililia nikiwa nimesimama, na mwiko mkononi. Halafu nikafuta machozi nikamwambia, "Gari ni zima. Oili yake safi, maji hayapungui, mkanda nimebadilisha. Likiwaka Jumamosi bila kusukumwa?"

Hezron akacheka. "Likiwaka bila kuguswa na mkono wa mtu, linabaki. Mkono ukigusa tu, linaondoka na Ashraf. Na utaliwasha wewe mwenyewe."

"Haya," nikasema. Leseni ninayo, nilisomea Vwawa.

Alhamisi saa za mchana, Hezron yuko kwenye shamba la kahawa, nikasimama mbele ya kile kidude cha kwenye ukuta kinachopokea umeme wa paneli. Taa yake ya kijani ilitakiwa iwe inawaka. Giza. Nikazitikisa waya za ndani, zote zilikuwa zimekaza. Basi tatizo lilikuwa huko juu, na huko juu ni kwa mkwe. Watoto wapo shule ya bweni, wa kumtuma hakuna. Mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga nyuma ya jiko tangu niolewe. Chakula cha mzee nakiweka kwenye kona ya jiko, nakohoa, naondoka. Pale konani amefungwa mbuzi wetu, na mkwe akimaliza kula anarudisha sahani pale pale, anakohoa, anaondoka. Mbuzi ndiye anayetujua wote wawili.

Nikaegesha ngazi kwenye ukuta wa jiko, upande wangu. Nikasema nitachungulia kidogo tu, na saa hizi mzee atakuwa amelala. Nikapanda, nikatoa kichwa juu ya bati.

Ee Mungu wangu! Paneli haikuonekana. Juu yake yote, kona hadi kona, yalikuwa yamepangwa majani ya tumbaku, mapana, yamelala kwa mstari safi kabisa, yamebanwa na vijiti. Hata sehemu ya kupenyeza kidole haikuwepo. Na pembeni ya kijumba, amesimama juu ya kigoda, anageuza jani moja taratibu, alikuwa mkwe wangu.

Akainua uso. Tukatazamana.

Miaka yote ya ndoa yangu sikuwa nimeuona uso ule. Mzee akajifunika kofia usoni kwa mikono miwili, mimi nikaachia ngazi kwa mikono miwili. Niliangukia kwenye lundo la magunzi. Kuku walipiga kelele wakidhani ni mwewe.

Nilikaa pale kwenye magunzi. Nimwambie Hezron? Angesema baba yake hawezi kufanya hivyo, tungebishana mpaka Jumamosi ipite. Na mzee mwenyewe nitamwambiaje? Ndipo nikamwona mbuzi. Nikajikung'uta, nikaenda nikachuchumaa konani, ukuta katikati yetu, nikapaza sauti kidogo.

"Mbuzi we! Hujambo? Ungejua, kile kioo kilichopo juu huko si kichanja cha kukaushia. Kile kinakamata jua kinalifanya umeme. Kikifunikwa, nyumba inakosa umeme, na Hezron anaiba betri ya gari. Sasa mbuzi wangu, gari linauzwa Jumamosi, na mimi sijui nitaishije."

Sauti ilinikatika hapo mwishoni, na sikuwa naigiza. Mbuzi akaendelea kutafuna.

Halafu nikasikia kikohozi upande wa pili, na sauti nzito ambayo siku zote nilikuwa naisikia kwa mbali tu.

"Mbuzi. Hezron alipokiweka aliniambia, 'Baba, kioo hiki kinakula jua.' Nikaona, ah, mwanangu amenijali, amenitengenezea mahali pa tumbaku. Kuku hawafiki, vumbi halifiki, jani linakauka upesi. Jioni naanua kabla ya umande. Miezi hii yote nimekuwa nikimwombea baraka."

Nikajiziba mdomo na khanga nisicheke. Kwa hiyo Hezron alikuwa anaenda kumsalimia alfajiri na jioni, majani hayajaanikwa au yameshaanuliwa, anaona paneli inang'aa, anasema imekufa!

"Mbuzi," sauti ikaendelea, "kesho kioo kitakuwa wazi. Na wewe mbuzi usipande ngazi tena, utavunjika kiuno."

Ijumaa asubuhi ile taa ya kijani iliwaka, nikaipigia vigelegele peke yangu. Lakini jua la siku moja huwezi kuligawa kila mahali. Betri ya sola ilikuwa tupu, betri ya gari tupu. Nikachagua gari. Nikachomoa betri yake, nikaiunganisha na paneli tangu jua linachomoza hadi linazama, nikaikagua kila nilipopita kama mtoto mwenye homa. Jioni nikairudisha mahali pake, nikavipaka vichwa vyake grisi, nikafunga boneti.

Hezron akaja na spana. Siku hiyo kulikuwa na mechi kubwa.

"Ukiitoa hiyo betri umenionea," nikamwambia. "Umesema liwake. Liwakeje na betri ipo sebuleni?"

Nampa haki yake, mume wangu si dhalimu. Alisimama pale anaigeuza spana, akashusha pumzi, akavaa koti akaenda kuangalia mpira kibanda umiza na walevi. Alirudi timu yake imefungwa, akalala ameupa ukuta uso.

Jumamosi Ashraf akaja kwa bodaboda, kofia safi, manukato mpaka getini. "Shemeji, habari za siku nyingi," akaniambia kwa upole, akaanza kuizunguka pikapu na kuigonga gonga bodi, kama mtu anayenunua tikiti maji.

Hezron akanipa ufunguo. Nikapanda, nikafunga mlango.

Masikini mimi, nilisahau kitu kimoja. Tulinagwe alisikia mlango.

Alitokea na khanga kiunoni, kwaya nyuma yake, wameanza na wimbo kabisa. "Msijali wapendwa, tumefika!" Niliwaona kwenye kioo cha pembeni wanainama, wananyoosha mikono kuelekea nyuma ya gari. Nilitaka kupiga ukelele. Lakini kando ya jiko, amenipa mgongo, alikuwa amesimama mkwe wangu na mbuzi wake kwenye kamba, na kwetu mke wa mtoto hapazi sauti mkwe akiwa mbele yake, bila ukuta katikati. Nilimtazama Hezron, nikamwona anawaona, na hawazuii. Ashraf naye alikuwa anatabasamu.

Ndipo mzee akanguruma.

"MBUZI! Toa kwato zako kwenye gari la mkwe wangu!"

Kwaya nzima iliruka nyuma. Wimbo ulikatika, Tulinagwe akabaki mikono juu kama anayejisalimisha. Mbuzi, ambaye hakuwa karibu na gari hata kidogo, alimtazama mzee kwa mshangao.

Nikazungusha ufunguo. Halikusema "nyeee". Liliwaka mara moja, likatulia, likawa linanguruma vizuri pale pale, hakuna aliyeligusa. Akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikaegemea usukani nikalia tena, safari hii kwa furaha.

Hezron akajikuna kisogo. "Lakini Baba," akasema, "gari ni langu."

Mzee hakugeuka. "Mbuzi," akasema, "mwambie huyo anayeosha aendelee kuosha."

Walicheka mpaka Ashraf akakaa chini. Na Hezron, nashukuru, alicheka pia, mwisho kuliko wote lakini kwa sauti kuliko wote. Ashraf akarudi na bodaboda yake ile ile. Sisi tukapakia parachichi.

Nilipokuwa nafunga turubai nikasikia kikohozi, nikakimbilia mbele haraka nikaketi kwenye usukani. Mzee alipanda nyuma na furushi lake la tumbaku, kwa kuwa huko Tunduma ugoro una bei nzuri, akaketi kati ya magunia akiwa amenipa mgongo. Nikakigeuza kioo cha ndani kitazame juu, nisije nikamwona. Kisha fimbo yake ikagonga bodi, kama kondakta anayemruhusu dereva wake, nikaingiza gia tukaondoka.