Celica ya Daktari Leonsia

Katika wilaya nzima ya Ngara hakukuwa na gari lingine kama la Daktari Leonsia. Lilikuwa Toyota Celica ya bluu, ya milango miwili, yenye pua ndefu, na lilikaa chini hivi kwamba watoto wa Rulenge walikuwa wakichungulia ndani bila kujiinua. Alilinunua Dar es Salaam kwa Mjapani aliyekuwa anarudi kwao. Alipohamishiwa nyumbani kuwa daktari wa mifugo, wenzake walimshauri aliuze kabla ya kuondoka. Hakuliuza. Aliliendesha mwenyewe kutoka Dar hadi mlangoni kwa wazazi wake, na mama yake, baada ya kulizunguka kimya, akauliza, "Na sisi wengine tutakaa wapi?"

Kwenye lami itokayo Rusumo kwenda Nyakahura gari lilikuwa raha tupu. Malori ya chakula cha wakimbizi yalipanda vilima yakikohoa, naye Leonsia aliyapita yote huku msaidizi wake, Kazimili, akishikilia sanduku la chanjo mapajani na kufumba macho. Lakini ng'ombe hawafugwi kwenye lami. Ng'ombe walikuwa Bugarama, na kwenye vilima nyuma ya Bugarama, ambako barabara ni changarawe na mawe, na mahali pengine ni korongo tu ambalo watu wamekubaliana kuliita barabara.

Ndipo zikaja mvua za El Nino. Asubuhi moja Leonsia aliitwa Bugarama kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Katikati ya njia gari lilitumbukia kwenye mtaro uliochimbwa na maji, likalalia tumbo juu ya jiwe. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, ikapasuka, oili yote ikaondoka na mto wa mvua. Yeye na Kazimili waliacha gari pale, wakatembea kwa miguu na mkoba wa vifaa, matope yakiwafika kwenye mashavu ya miguu. Walipofika, ng'ombe alikuwa amekwisha kufa, na ndama wake tumboni.

Mwenye ng'ombe, mama mmoja mjane, hakumlaumu. Aliwaletea maji ya kunawa. Hilo ndilo lililomuuma Leonsia zaidi.

Wakati wa kurudi Kazimili alisema, "Daktari, usinichukie. Gari hili ni zuri sana la kupelekea bibi harusi kanisani."

"Sitaki Landrova," Leonsia akajibu. "Landrova inatembea kama mgonjwa. Nikibadilisha, nataka la juu, lakini lenye mbio."

"Basi lipo moja tu. Biharamulo, kwa Mzee Protasi mwenye mashine ya kusaga. Pajero nyeupe, injini V6. Lilikuwa la mzungu mmoja wa mambo ya wakimbizi. Wanyarwanda walipoondoka, naye akaondoka, mzee akalichukua."

Celica ilipopona, wakaenda. Walisubiri polisi wa kusindikiza magari porini, wakafika Biharamulo mchana. Mzee Protasi walimkuta nje ya mashine yake, nyusi zimejaa unga. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini ambayo mashine ilikuwa ikiimeza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibuni."

Leonsia alieleza shida yake, huku akijiandaa kukataliwa. Nani atoe Pajero kwa gari la milango miwili? Mzee aliitikia kwa kichwa, akaenda kwenye Celica. Akafungua mlango wa dereva, akaufunga, akaufungua tena hadi mwisho, akapiga hatua nyuma kuutazama ulivyo mpana. Kisha akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye kiti, akatoa kiganja kikiwa kimenyooka vilevile hewani, akakileta kwenye goti lake kama fundi nguo anayepima suruali.

"Halina klachi hili?" akauliza.

"Halina, mzee. Linajibadilishia gia lenyewe. Kuna mafuta na breki, basi."

"Kwa hiyo mguu wa kushoto hauna kazi."

"Hauna."

"Na wa kulia nao ukikosa nguvu?"

Leonsia akacheka. "Hapo huendeshi tena, mzee."

Mzee hakucheka. Alifunga mlango taratibu. "Mimi nalichukua," akasema. "Wewe chukua Pajero. Gari kwa gari, tusisumbuane."

Hakujaribu hata kuliwasha.

Safari ya kurudi Leonsia alikuwa kama mtu aliyehamia ghorofani. Aliona juu ya majani ya porini, aliona paa za nyumba, aliona malori yanayokuja kabla hayajatokea kwenye kona. Na alipokanyaga mafuta, Pajero ilivuta kwa nguvu nzito, bila kelele, hadi Kazimili akatafuta pa kushika. Lakini furaha yake ilikuwa na mwiba. Mzee mwenye watoto na wajukuu anataka nini na gari dogo namna ile? Na zile habari za miguu zilikuwa za nini?

"Ana kimada," alisema Kazimili bila wasiwasi wowote. "Mzee wa umri ule, gari la milango miwili. Kiti cha pili ni cha nani?"

"Angekuwa na kimada angeuliza kama redio inafanya kazi."

Kazimili alifikiri. "Hilo nalo neno," akasema.

Wiki zilipita. Pajero ilivuka ule mtaro wa Bugarama kama haukuwepo. Ilivuka vijito vilivyofurika, ikapanda vilima kwa fo-wili huku matope yakiruka hadi kwenye kioo, na siku moja ikamfikisha Leonsia kwenye zizi fulani kwa wakati, akamtoa ndama aliyekaa vibaya tumboni, akiwa mzima. Leonsia alirudi amechafuka hadi kwenye nywele, akiimba. Hata hivyo kila walipokutana na mtu aliyetoka Biharamulo Leonsia aliulizia gari lake la zamani, na kila mtu alijibu kwamba hajaliona barabarani. Mzee amelifungia uani. Lakini habari za kimada zilikuwa zimefika hadi Rulenge, zikiwa zimeongezewa jina la msichana na kabila lake.

Kisha Kazimili akaja na habari mpya. "Daktari, Celica imeonekana Lukole. Ndani ya kambi ya wakimbizi."

"Kambini? Inafanya nini kambini?"

"Sijui. Imeingia karakana ya walemavu, na haijatoka."

Leonsia alikuwa na mbuzi wa kuchanja karibu na kambi hiyo. Alimaliza kazi mapema kuliko kawaida, akaenda. Karakana ilikuwa banda la bati ambamo wakimbizi waliokatika miguu kwenye vita vya Burundi walitengenezewa magongo na viti vya magurudumu. Celica ilikuwa katikati ya banda, kiti cha dereva kimetolewa. Chini ya usukani alikuwa amelala mwanamume mwembamba, miguu imetokeza nje. Huyo alikuwa Ndikuriyo, mkimbizi kutoka Muyinga, fundi mkuu wa karakana.

"Unalifanya nini gari langu?" Leonsia aliropoka.

Ndikuriyo alijitoa polepole, akajifuta mikono. "Pole, Daktari. Nimeambiwa si lako tena."

"Ni kweli. Nisamehe. Lakini hicho chuma ni cha nini?"

Kilikuwa bomba jembamba lililopinda, lililofungwa upande mmoja kwenye pedeli za mafuta na breki, upande wa pili likitokeza kando ya usukani, limevishwa mpira wa mpini wa baiskeli. Ndikuriyo alilisukuma, pedeli ya breki ikazama. Akalivuta, ya mafuta ikashuka. Alitazama kazi yake kwa kutoridhika.

"Mafuta yanashuka kwa pupa," akasema. "Nimebadilisha springi, bado. Hii ni ya kwanza kutengeneza. Niliona picha yake zamani Bujumbura, picha tu."

"Ni ya nani?"

"Mzee ameomba nisiseme mpaka lijaribiwe. Jumamosi watajaribu, kwenye kiwanja cha ndege cha Biharamulo. Mimi siwezi kutoka kambini bila kibali. Wewe unaweza." Akatabasamu. "Ukienda, uje uniambie kama springi imefaa."

Jumamosi Leonsia alikuwa kiwanjani kabla ya umande kukauka. Mzee Protasi alipomwona hakushangaa sana. Alikuna kidevu tu kama mtu aliyekamatwa akifanya jambo jema. Kando yake, kwenye kiti cha magurudumu ya baiskeli, alikaa mama mnene mwenye uso mpana na mikono minene kama ya mpiga makasia.

"Mke wangu, Francisca," akasema mzee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye gari? Karibu uone vituko."

Alikuwa mchangamfu, na hakungoja kuulizwa. Enzi za kambi ya Benaco, alisema, wakati Wanyarwanda wamejaa pale kuliko mji wowote, yeye na mume wake walikuwa na lori la ndizi. Dereva hakuwa mume. Dereva alikuwa yeye.

"Baba Anjelika anaogopa mteremko," akasema, na mzee hakubisha. "Mimi ndiye niliyeshika usukani. Siku moja nikapanda juu ya mzigo kukaza kamba, kamba ikakatika, nikaanguka. Tangu siku ile miguu hii ni mapambo."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Kilichonishinda ni Pajero. Kunipandisha mle ilitaka wanaume wanne, mmoja kashika kwapa, mwingine kashika sijui wapi, kama gunia la mahindi. Siku moja mbele ya kanisa, watu wote wanatazama, nikasema basi. Siendi tena popote. Padri akawa ananiletea komunyo nyumbani."

Leonsia alimgeukia mzee. "Kwa nini hukuniambia, mzee? Mimi nimezunguka na swali hili wiki zote hizi."

"Ningekuambia, ungeniambia ni hatari," mzee akajibu. "Na ni kweli ni hatari. Nilitaka kwanza nijue kama inawezekana."

"Na akaacha watu waseme ana msichana!" Francisca akacheka hadi kiti kikatikisika. "Walikuja mpaka nyumbani kunipa pole. Nikawaambia, huyo msichana mwambieni aje, jikoni kuna kazi."

Kisha akasogeza kiti chake hadi kwenye Celica. Mlango ulifunguka hadi mwisho. Kiti cha gari na kiti cha magurudumu vikakaa sawa, kama madawati mawili ya darasa moja. Francisca aliweka mkono mmoja kwenye kiti cha gari, akajiinua, akateleza, akakaa. Akaivuta miguu ndani, mmoja, kisha wa pili. Hakuna aliyemgusa. Mzee alichomoa magurudumu ya kile kiti, akakiweka pembeni, halafu akabaki amesimama.

"Panda basi," mkewe akamwambia.

"Mimi nitatazama kutoka hapa."

"Mnamwona? Mteremko haupo, bado anaogopa." Akamgeukia Leonsia. "Panda wewe. Wewe unalijua."

Leonsia akapanda upande wa abiria, mahali ambapo hakuwahi kukaa kwenye gari lake mwenyewe. Francisca aliwasha, akashika chuma kwa mkono wa kushoto, akavuta. Celica iliruka mbele kama ndama aliyefunguliwa kamba.

"Polepole, mama! Kidole kimoja tu!"

"Kidole kimoja hakitoshi!"

"Kinatosha! Lina nguvu hilo!"

Gari likasimama ghafla, likaruka tena, likasimama. Mzee Protasi alikuwa ameweka mikono kichwani. Lakini polepole, wakienda na kurudi kwenye nyasi fupi, miruko ikapungua. Midomo ya Francisca ilibana, macho yakaenda mbali mbele, na Leonsia akaona kwamba alikuwa amekaa na dereva wa lori, mtu aliyeshusha ndizi kwenye miteremko ya Rusumo wakati wa masika. Mbuzi watatu walikatiza kiwanja. Leonsia alivuta pumzi ili apige kelele, lakini chuma kilikuwa kimeshasukumwa, na gari likatulia mbali kabisa na mbuzi.

"Ni wako wale?" Francisca akauliza.

"Nimewachanja, nadhani."

Walifika mwisho wa kiwanja, ambako njia ya nyasi inaungana na barabara. Francisca alisimamisha gari. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Alitazama barabara kwa muda, akafuta macho kwa kanga, akasema ni vumbi, ingawa hakukuwa na vumbi.

"Barabarani bado," Leonsia akasema. "Kwanza springi. Mafuta yanashuka kwa pupa, fundi mwenyewe anajua. Nitampelekea habari."

"Sina haraka," Francisca akajibu. "Nimekaa ndani mwaka mzima. Jumapili ya wiki ijayo si mbali."

Leonsia alikuwa anakitazama kile chuma. Alishindwa kujizuia. "Mama, naomba nijaribu."

"Wewe? Una miguu mizima."

"Nataka kujua kikoje."

Ikabidi mzee aitwe aje na kiti cha magurudumu, kiunganishwe, wabadilishane nafasi. Francisca akiwa sasa upande wa abiria alivua kanga yake ya begani, akainama, akaifunga miguu ya Leonsia kwa fundo kali. "Bila hivyo utadanganya," akasema.

Leonsia akashika chuma. Gari hili alilijua kuliko mtu yeyote duniani. Alijua mlio wake wa baridi na mlio wake wa joto. Akavuta kidogo. Celica ikaruka, miguu yake ikapapatika ndani ya kanga ikitafuta breki, mkono ukasahau kazi yake, na wakaenda moja kwa moja kuingia kwenye mahindi ya mtu.

"Sukuma!" Francisca alipiga kelele. "Sukuma, mwanangu! Acha kutumia miguu, haipo!"

Akasukuma. Gari likasimama, hindi moja changa limelalia kioo cha mbele. Nyuma yao Mzee Protasi alikuwa anakuja mbio, akiita jina la mkewe.

"Rudisha nyuma," Francisca akasema, ameshatulia, mkono wake mnene juu ya mkono wa Leonsia. "Weka gia ya nyuma. Sasa, kidole kimoja. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."