Kumi na Nne Ikawa Ishirini

Wimbo wangu hauvuki ukurasa mmoja. Hilo nililiweka sheria, na sikutaka mjadala. Mimi ni Dastan, mwalimu wa kwaya hapa Kemondo. Nota zangu naziandika kwa herufi tupu, kama mtu anayeandika barua, kisha kompyuta inazichora. Pambizo, nafasi na ukubwa wa nota na maneno nimeviweka kwenye faili moja nililoliita "ukurasa". Kila wimbo unaliita faili hilo katika mstari wake wa kwanza, kwa hiyo ukigusa pale, nyimbo zote mia moja kumi na mbili zinabadilika kwa mpigo. Ukubwa niliuweka kumi na nne. Nota zilikuwa ndogo, sikatai, lakini karatasi ilipendeza.

Wiki tatu kabla ya jubilei ya parokia, Ma Kokushubila alinirudishia jalada lake. Huyu ameongoza sauti ya kwanza tangu mimi sijazaliwa, na bado huniita "waitu", neno la heshima la Kihaya.

"Wimbo mpya wa jubilei siuwezi, waitu. Wape wasichana."

Nilikasirika, nikadhani amedharau utunzi wangu. Nilipofika nyumbani nikafungua jalada. Nyuma ya kila karatasi alikuwa ameandika kwa mkono maneno aliyoyashika kwa kusikia, herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Mama wa watu haoni, na mimi najisifia pambizo! Niliona aibu.

Nikatengeneza faili la pili, "ukurasa-mkubwa", nikaufanya ule wimbo mpya uliite hilo, nikampelekea nakala yake peke yake. Hakuipokea.

"Mwalimu, unanipa karatasi ya kipofu mbele ya wasichana?"

Basi nikarudi kwenye faili la wote. Nikafuta kumi na nne, nikaandika ishirini. Nyimbo zikafurika kurasa mbili, nyingine tatu, na sheria yangu ikaenda na maji. Alhamisi nikamgawia kila mwanakwaya nakala mpya, na Ma Kokushubila nikamrudishia jalada lake likiwa limejaa. Tukaanza na wimbo wa zamani.

Kyaruzi wa besi, ambaye miaka yote huunguruma peke yake wenzake wakiwa kimya, aliikodolea karatasi.

"Kumbe hapa tunanyamaza!"

Watu wakacheka, kisha mmoja mmoja wakaanza kukiri kwamba nao walikuwa hawaoni. Hata Annastella, binti wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa akifuata mdomo wa jirani yake.

Ma Kokushubila alipitisha kidole chini ya maneno, mstari kwa mstari. Hakugeuza nyuma ya karatasi.

"Mwalimu, ubeti wa tatu umeandika 'Bwana, utulime'. Atulime, sisi migomba?"

Nilitazama. Kweli, nilikusudia "utulinde". Kwaya nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka nao.

"Ma, huu wimbo una miaka sita. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, waitu? Leo ndiyo naliona. Haya, nipe ule wa jubilei."